Silki Hupimwa kwa Vidole

Silki, aina ya kuku wa mapambo, anapotulia kwenye kizimba cha maonesho ni mviringo wa pamba tu. Hana kona, hana ncha, na hata macho huyaoni vizuri kwa sababu ya shungi. Uzuri huo ndio unaowaponza wanaoanza. Unyoya wa kuku wa kawaida una vijikulabu vidogo vinavyoshikamanisha nyuzi zake mpaka zikawa kama jani. Wa silki hauna, kwa hiyo kila uzi unasimama peke yake, laini kama vinyoya vya kifaranga. Chini ya ulaini huo kifua kinaweza kukonda hadi mfupa, chawa wakazaana, mgongo ukapinda, na wewe uliyesimama mbele ya kizimba usijue.

Mfugaji aliyenifundisha kazi hii, hapa Ohio, Marekani, amezeeka na silki, na somo lake la kwanza lilikuwa hilo: usimtazame kabla hujamshika. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyapata kwake, kwa ajili ya wenzangu wanaofuga kuku wa mapambo, wawe huku ughaibuni au nyumbani.

Pitisha kiganja cha kushoto chini ya kifua cha kuku, miguu yake ipite katikati ya vidole vyako, kichwa kielekee kwenye kiwiko. Akitulia, mkono wa kulia unaanza kichwani. Chini ya shungi utakuta nundu. Usiibonyeze. Silki wengi fuvu lao limenyanyuka hapo na mfupa haukufunga sawasawa, ubongo umekaribiana mno na ngozi. Donoo moja tu la kuku mwingine linaweza kumpinda shingo, akawa anatazama juu au anarudi kinyumenyume na kuanguka. Anayepatwa na hali hiyo hutengwa mahali patulivu, akapewa vitamini E na seleniamu kidogo, akalishwa na kunyweshwa kwa mkono hadi wiki kadhaa. Baadhi hupona kabisa. Kwa sababu ya nundu hiyo silki hawekwi banda moja na kuku wakali. Kwa huko nyumbani, usithubutu kumchanganya na kuchi.

Shuka kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Jioni liwe limejaa, asubuhi kabla ya kula liwe tupu. Likiwa limejaa asubuhi na linabonyea kama puto la maji, chakula kimekwama na kinachacha. Likiwa gumu kama mpira, kuna majani marefu au maranda yamejisokota ndani. Kisha shika mfupa wa kidari. Nyama iwepo pande zote mbili, ujaze vidole. Mfupa ukikata kidole kama kisu, huyo amekonda, na silki anaweza kukonda mwezi mzima bila umbo lake kubadilika machoni. Kwa hiyo mizani ya jikoni haikosekani bandani. Kitabu cha viwango cha American Poultry Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1873, kinamweka silki miongoni mwa bantamu, yaani kuku wa kimo kidogo: jogoo aunsi 36, yaani kama kilo moja na gramu 20, pora (jogoo mchanga) na mtetea aunsi 32, kama gramu 907, tembe (jike mchanga) aunsi 28, kama gramu 794. Uingereza wana silki wa kimo kikubwa pia, ambaye jogoo wake hufika kilo 1.8, kwa hiyo ukinunua kuku muulize muuzaji ukoo wake unafuata kiwango cha wapi, la sivyo utawachanganya wawili ambao hawakukusudiwa kukaa banda moja.

Fungua bawa. Silki ana kasoro moja ya kurithi inayojirudia mno: pengo katikati ya bawa, kati ya kundi la manyoya ya nje na la ndani, kwa sababu unyoya wa kati haukuota. Bawa likiwa limekunjwa huioni kasoro hiyo. Likifunguliwa, hata mgeni wa kuku ataiona. Halafu pitisha kidole kwenye uti wa mgongo hadi mkiani, uone kama kuna mahali pamepinda, na umalizie chini ya mkia. Hapo ndipo chawa wa kuku wanapotaga: vilundo vya mayai meupe vimegandamana kwenye mashina ya manyoya kama chumvi iliyoganda. Utitiri ni wadogo zaidi, weusi au wekundu, na baadhi yao hushambulia usiku tu, kwa hiyo kagua na nyufa za fito za kulalia kwa tochi.

Mwisho, miguu. Silki ana vidole vitano kila mguu, siyo vinne. Cha nne na cha tano viwe vimeachana tangu shinani, na cha tano kielekee juu bila kugusa ardhi. Kasoro za kawaida ni vidole hivyo viwili kuungana, kucha mbili kwenye kidole kimoja, au kuota cha sita. Mwenye vidole vinne anaondolewa mashindanoni moja kwa moja, hata awe mzuri namna gani. Vivyo hivyo asiye na shungi, mwenye ngozi isiyo nyeusi, na ambaye miguu yake haina manyoya upande wa nje. Ngozi ya silki ni nyeusi hadi mfupani. Puliza manyoya ya kifuani yagawanyike uione. Upanga wake umekunjamana kama nusu ya kokwa ya jozi (walnut), wa rangi ya zambarau iliyoiva sana, na masikio ni ya buluu mpauko. Sikio lenye wekundu ni kasoro ya kupunguziwa alama, halimfukuzi kuku.

Faida kubwa ya kujua haya ni kwamba vidole na ngozi huonekana siku ile ile kifaranga anapokauka. Uteuzi wa kwanza basi hufanyika siku ya kwanza, kabla hujatumia hata kilo moja ya chakula. Wenye vidole pungufu au ngozi nyeupe wanawekwa kundi la kuuzwa kama kuku wa nyumbani, na hawana ubaya wowote kwa mayai wala kwa kuatamia. Walio salama hutobolewa alama kwenye utando ulio kati ya vidole. Kila mguu una nafasi mbili za kutoboa, jumla nne, na ukipanga kutoboa au kuacha kila nafasi unapata alama 16 tofauti, zinazotosha kutambulisha wazazi 16. Hakikisha kipande cha ngozi kimetoka chote. Kikibaki kinaning'inia, tundu linaziba na baada ya miezi mitatu hujui kifaranga ni wa nani.

Mayai. Maonesho makubwa ya huku, Ohio National pale Columbus, hufanyika Novemba. Silki huchelewa kukomaa: kwa miezi 8 au 9 ndipo shungi na manyoya ya miguu yanajaa. Anayetaka kuonesha pora na tembe Novemba aangue Februari hadi Machi, na mayai yawe yameingia mashineni wiki tatu kabla. Tembe humpendeza mwamuzi anapokaribia kutaga. Akishataga mayai mengi, manyoya yanachakaa na upya ule unapotea.

Jogoo mmoja anatosha mitetea watatu au wanne. Wakati wa kupandisha, punguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka njia ya kutagia, kwa jike na kwa dume. Hili ndilo linalosahaulika, halafu mtu analalamika kwamba mayai kumi na mbili yametoa vifaranga wawili. Jogoo si mgumba. Pamba ndiyo inamzuia. Kwa sababu hiyo kuku wa kupandishwa na kuku wa kuoneshwa msimu huo hawawi wale wale.

Mayai ya kuangua yakae ncha kali ikiwa chini, mahali penye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, yasizidi siku 7. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5, isiyo na feni ipimwe juu ya mayai na iwe kama 38.5, kwa kuwa hewa ya moto hukaa juu. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 50 kwa siku 18 za kwanza, mayai yageuzwe mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili ili upande ule ule usilale chini kila usiku. Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, na usifungue mfuniko hadi vifaranga watoke siku ya 21. Anayefungua kila saa kuchungulia anatoa unyevu, utando wa yai unakauka na kumbana kifaranga ndani. Wengi hufa hivyo, wakiwa wameshadonoa ganda.

Silki mwenyewe ni mwatamiaji hodari, hata mayai ya bata atayalalia. Lakini ukimwachia vifaranga, kagua kila siku: zile nyuzi ndefu za manyoya yake huwasokota vifaranga shingoni, na anaweza kuwanyonga bila kujua. Kata manyoya ya tumboni kabla hawajaanguliwa.

Kwenye bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, anza na nyuzi 35, ukipunguza 3 kila wiki. Tazama vifaranga kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wana joto. Siku tatu za mwanzo usitandike gazeti, linateleza na miguu inachanuka pande mbili. Tandika kitambaa chenye mikwaruzo au karatasi za jikoni. Chombo cha maji kiwe na vijiwe, maana kifaranga wa silki mwenye shungi zito hutumbukia na kuzama kwenye maji ya kina cha kidole. Chakula kiwe na protini asilimia 20 au zaidi. Chakula cha kutagia usiwape kabisa kabla hawajaanza kutaga, kwa sababu kalisi yake ni nyingi mno kwa figo changa.

Sasa mahepe, au Mareksi kama wengi wanavyouita. Hakuna ugonjwa unaovunja moyo wa mfugaji wa silki kuliko huu, kwa kuwa silki ni dhaifu sana mbele yake. Ni kirusi kinachoenea na vumbi la ngozi na manyoya, kinakaa bandani kwa miezi mingi, na huonekana kwa kuku wa wiki nane hadi miezi sita: mguu mmoja unanyooka mbele, mwingine nyuma, anakonda, anakufa. Chanjo hupigwa chini ya ngozi ya shingo siku ya kwanza, mililita 0.2 kwa kifaranga. Shida ni kwamba chupa huja ikiwa na dozi 1,000 na ikishachanganywa inapasa kutumika ndani ya saa moja. Mwenye vifaranga 30 anaona ni hasara. Si hasara, panga na wenzako mwangue siku moja mgawane chupa. Na chanjo haimzuii kuku kuambukizwa, inamzuia asipate uvimbe na kupooza, nayo inahitaji wiki moja hadi mbili kushika. Kwa hiyo vifaranga wakae mbali na kuku wakubwa, na anayewahudumia aanze kwao kila asubuhi kabla ya kugusa wakubwa. Shingo iliyopinda kwa donoo la kichwa na kupooza kwa mahepe hufananishwa mara nyingi. Angalia miguu: mwenye shingo iliyopinda bado ana nguvu za miguu, wa mahepe hana.

Kwa walioko Afrika Mashariki naongeza mdondo, au kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, usiikose. Kuku wa maonesho asiyechanjwa mdondo ni hasara inayongoja siku yake.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi, kwa kuwa wanaoanza hutumia muda mwingi mno hapo. Kanuni ya waamuzi ni kwamba umbo ndilo aina, rangi ni tawi la aina. Silki mwenye mgongo mfupi, kifua cha duara na shungi lililosimama vizuri, mwenye rangi iliyofifia kidogo, atamshinda mwenye rangi safi na mgongo mrefu. Kwa wanaopenda buluu: buluu kwa buluu hutoa wastani wa robo weusi, nusu buluu, robo weupe wenye madoa, mweusi kwa mwenye madoa hutoa buluu watupu. Hesabu kama hiyo ipo pia kwa kidimu wetu, yule wa manyoya yaliyojikunja. Kidimu kwa kidimu humpa robo ya watoto wake manyoya dhaifu yanayokatika hadi kuku akabaki mtupu. Kidimu apandishwe na kuku wa manyoya ya kawaida, nusu ya watoto watajikunja na wote watakuwa na afya.

Asiye na nafasi ya mabanda mengi afanye vizimba vitatu. Matembe hubaki kizimba cha mama zao. Mapora huhama kila mwaka, wa kwanza kwenda cha pili, wa pili cha tatu, wa tatu kurudi cha kwanza. Ndugu wa tumbo moja hawakutani, nawe huhitaji kununua damu ngeni kila msimu, ambayo mara nyingi huja na kasoro ulizotumia miaka kuziondoa.

Manyoya ya silki hayazuii maji. Mvua ya dakika tano inamlowesha hadi ngozini, na usiku ukiwa wa baridi anaweza kufa. Banda liwe na paa pana, sakafu ya maranda makavu, na ufito wa kulalia usizidi sentimita 30 kutoka chini, kwa kuwa haruki. Vinyweo vya chuchu huokoa ndevu na shungi zisilowe. Silki mweupe awekwe kivulini miezi ya mwisho. Jua humtia unjano ambao sabuni haiondoi. Wafugaji wa huku hupunguza na mahindi ya njano kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani tuna mahindi meupe, hapo tumewazidi. Unyoya wa mguu uliovunjika ung'olewe wiki nane kabla ya maonesho, utaota mwingine. Ukiukata kwa mkasi hauoti mpaka kuku ajipukutishe. Lakini kung'oa ili kuficha kasoro, kupaka rangi, au kupunguza shungi lipendeze, huo ni udanganyifu, na mwamuzi akiugundua kuku anaondolewa.

Kuosha hufanyika siku moja au mbili kabla. Andaa beseni tatu za maji ya vuguvugu, yasiyozidi joto la mwili wako. La kwanza lina sabuni laini ya vyombo, kijiko kimoja. Mzamishe hadi shingoni, mkono mmoja ukishika mabawa yasipige, na ukamue povu kupitia manyoya taratibu, bila kusugua. Kusugua huyasokota yakawa mafundo. Miguu isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, na uchafu chini ya magamba utolewe kwa kijiti cha meno. Shungi lioshwe kwa kitambaa, maji yasiingie puani. Beseni la pili lina siki, nusu kikombe, ya kutoa sabuni. Sabuni iliyobaki ndiyo humfanya silki akauke amegandamana, manyoya yameshikana vichopa, na watu wakadhani ni mgonjwa. La tatu ni maji safi, na kwa mweupe unaweza kutia matone mawili ya buluu ya kufulia. Yakizidi atatoka wa samawati, na hapo hakuna la kufanya. Mviringishe kwenye taulo dakika kumi. Kisha mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, mkono wako uwe kati ya hewa na ngozi yake ili uhisi kinachomfika, huku ukiyapepea manyoya kwa vidole kutoka chini kwenda juu. Silki huchukua hadi saa moja kukauka. Wengi hulala mikononi. Mafuta kidogo sana kwenye upanga, kwa ncha ya pamba. Yakigusa manyoya unarudi beseni la kwanza.

Kuku asiyezoea kizimba atakunyata, na aliyekunyata hana umbo. Wiki mbili kabla mweke kwenye kizimba cha waya, umtoe na kumrudisha mara mbili kwa siku, umguse kwa kijiti kama mwamuzi atakavyofanya. Anatolewa kichwa kikitangulia, na anarudishwa kichwa kikitangulia, ili mabawa yasikwame mlangoni.

Siku yenyewe inaanza na karatasi. Marekani ina mpango wa kitaifa tangu 1935, unaoitwa NPIP (National Poultry Improvement Plan), uliobuniwa kupambana na ugonjwa wa kuharisha nyeupe. Kuku hupimwa kwa tone la damu likichanganywa na dawa ya rangi kwenye kibao. Likiganda vichembe ndani ya dakika mbili, kuna shaka. Bila cheti cha mpango huo au kipimo mlangoni huingii. Mwaka 2022 majimbo kadhaa yalifuta maonesho kwa sababu ya mafua ya ndege, kwa hiyo hakikisha kabla ya kusafiri. Unaingiza kuku katika moja ya makundi manne: jogoo na mtetea ni wa zaidi ya mwaka mmoja, pora na tembe ni chini ya mwaka. Bora wa rangi yake anashindania ubora wa silki wote, kisha anakutana na bantamu wengine wenye manyoya miguuni, kama brahma na kochini, kabla ya kufika mbele kabisa. Mpe chakula kidogo na kipande cha tango badala ya bakuli la maji mpaka ahukumiwe, ndevu zisilowe, na umpe maji mara tu mwamuzi anapopita. Simama mbali, usiseme kuku ni wako, ila baada ya hukumu nenda ukamuulize mwamuzi. Wengi hueleza kwa ukarimu, na sentensi moja yake hukuonesha kasoro uliyoizoea mpaka ukaacha kuiona.

Waliorudi hawaingii bandani. Wanakaa peke yao siku 30, na viatu ulivyovaa ukumbini havivuki mlango wa banda. Siku ya kwanza wapake dawa ya unga ya chawa chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja, siku ya kumi urudie, kwa kuwa dawa huua chawa lakini haiui mayai yake. Kabla ya kurudia, mpakate tena kila mmoja, kichwa kwenye kiwiko, na upite njia ile ile: nundu, gole, kidari, bawa, mgongo, chini ya mkia, vidole vitano.